Mwamba Ngoma Huvutia Kwake

Siku hizi tukiugua, tukitafuta kazi au tukimtafutia mtoto shule, tunakimbilia simu kabla ya kumwuliza mtu. Silaumu hilo. Maarifa yaliyokuwa yakikaa katika maktaba za miji mikubwa leo anayapata aliye Tandahimba sawasawa na aliye Dar es Salaam, na hiyo ni neema. Ninalolilalamikia ni pupa. Tunaandika swali, majibu yanashuka, tunabofya la kwanza, na likiwa na sura ya kupendeza tunaliamini papo hapo.

Udhaifu huu umepimwa. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wakitafuta mambo kwenye Google. Bila kuwaambia, waliupindua mpangilio wa majibu, yasiyofaa sana yakapandishwa juu. Wanafunzi waliendelea kuyaelemea ya juu, hata pale maelezo yake mafupi yalipokuwa hayalingani vizuri na swali. Kabla ya hapo, mwaka 2002, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walikusanya maoni ya watu zaidi ya 2,600 kuhusu tovuti za kuaminika na zisizoaminika. Karibu nusu ya maoni hayo yaligusia sura: rangi, herufi, mpangilio wa ukurasa.

Sasa tujiulize, kuwa juu maana yake nini? Larry Page na Sergey Brin, walioanzisha Google mwaka 1998, waliijenga juu ya hesabu ya viungo: ukurasa unaoelekezewa na kurasa nyingi zenye uzito hupanda. Leo dalili zinazohesabiwa zimeongezeka sana, lakini zinabaki kuwa dalili. Mashine haimjui mkweli wala mwongo. Tena majibu mengine hukaa juu kwa sababu yamelipiwa, na alama ya tangazo ni ndogo, mwenye haraka haioni.

Tazameni mfano mmoja. Mgonjwa wa kisukari anatafuta tiba. Anafungua ukurasa safi: daktari mwenye koti jeupe, shuhuda za waliopona, maneno ya kisayansi tele, na chini kabisa namba ya simu ya kutuma pesa. Daktari huyo hatajiwi hospitali anayofanyia kazi. Shuhuda hazina mji wala tarehe. Hakuna panapoelezwa hatari ya kuacha insulini, ilhali kwa anayeitegemea, kuiacha ni kuucheza uhai. Kila kilichomo humo kimewekwa na muuzaji, na mwamba ngoma huvutia kwake.

Watatokea watakaosema kuwa hayo huwapata wasiosoma. Sivyo. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Stanford waliwaketisha mbele ya kompyuta wanahistoria wenye shahada ya uzamivu, wanafunzi wa chuo hicho, na watu ambao kazi yao ni kuhakiki habari. Katika matokeo waliyoyatoa mwaka 2017, wasomi wengi walibaki ndani ya ukurasa, wakausoma kwa makini, wakanaswa na nembo na jina zito. Wahakiki walisoma kidogo, wakatoka upesi, wakafungua kurasa nyingine kuuliza: hawa ni nani, na wengine wanasema nini juu yao? Hao ndio waliofika kwenye ukweli, tena mapema.

Njia hiyo si ngeni kwetu. Posa ikiletwa, wazee hawatosheki na maneno ya mposaji. Hutuma mtu mtaani kwake akaulizie tabia zake na ukoo wake. Ukurasa nao tuuulizie hivyo hivyo.

Basi, ndugu zangu, nawanasihi mambo matatu. Kwanza, kabla ya kubofya, pitieni orodha ya majibu na msome anwani. Tangazo la ajira ya serikali lililo kwenye anwani isiyoishia na .go.tz kwa Tanzania, au .go.ke kwa Kenya, lithibitisheni kwanza katika tovuti ya ofisi inayohusika. Pili, andikeni jina la mwenye tovuti katika utafutaji mpya, msikie wasiofungamana naye wanasemaje. Tatu, tazameni tarehe ya habari, kisha mjiulize nani atafaidika mkiiamini.

Walimu, msiwafundishe wanafunzi kutafuta tu. Wafundisheni kuhoji walichokipata. Wazazi, kaeni na watoto wenu wanapotafuta, muwaulize wamejuaje kuwa ni kweli. Nawe uliye katika kundi la ukoo la WhatsApp, usisambaze usilolithibitisha, kwa maana atakayeumia kwa kulifuata, dhima yake utakuwa nayo shingoni. Ukurasa wa manufaa ni ule ambao maneno yake yanasimama hata baada ya wengine kuulizwa. Usiostahimili kuulizwa, tuuache, hata ukiwa wa kwanza katika orodha.