Usafi wa Kichwa Haupimwi kwa Povu

Miongoni mwa mambo madogo yaletayo madhara makubwa ni imani kwamba mtu mstaarabu hana budi kuosha nywele zake kila siku kwa shampuu, na kwamba asiyefanya hivyo ni mchafu. Imani hiyo haikutokana na mahitaji ya wananchi wa Tarime wala wa Serengeti. Imeenezwa na matangazo ya biashara, ambayo kazi yake ni kuuza chupa nyingi zaidi, wala si kulinda afya ya mtu.

Ukweli wa maumbile ni mwingine. Ngozi ya kichwa hutoa mafuta yanayozilinda nywele. Katika nywele zilizonyooka, mafuta hayo huteremka upesi hadi nchani. Katika nywele zinazojikunja, kama zilivyo za Waafrika walio wengi, mafuta hushuka kwa shida. Kwa hiyo nywele hizo huelekea ukavu, na zikioshwa kila siku kwa sabuni kali hukatika. Ndiyo maana wataalamu wa ngozi hushauri zioshwe mara moja kwa wiki, au mara moja kila baada ya wiki mbili. Mwenye kutokwa jasho jingi shambani, au kushinda katika vumbi la machimbo ya Nyamongo, ataosha mara nyingi zaidi. Aliyenyoa karibu na ngozi hahitaji chupa yoyote: maji na sabuni anayoogea vyatosha.

Maji nayo yana hesabu yake. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo la kumpatia kila mwananchi wa kijijini lita 25 kwa siku, kutoka kituo kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Ndoo ya kawaida huchukua lita 20. Ingawa Mto Mara unapita kati ya wilaya hizo mbili, kwa kaya isiyo na bomba karibu kila ndoo ni safari ya mama au ya binti. Kumtaka binti huyo aoshe nywele kila siku ni kumtwisha mzigo usio na faida.

Lakini hatari iliyo kubwa zaidi iko shuleni. Mtoto akitokwa na mabaka kichwani, watu wazima huwa wepesi kusema kwamba haogi. Mara nyingi mabaka hayo ni mapunye, ugonjwa unaoletwa na kuvu, ambao huwapata hasa watoto ambao hawajabalehe. Huambukizwa kwa kugusana, na kwa kutumia pamoja vitana, kofia, nyembe na mashine za kunyolea. Mtoto aogaye kila siku aweza kuupata kutoka kwa jirani yake wa dawati. Kumkaripia au kumchapa ni kumwadhibu mgonjwa kwa ugonjwa wake. Na aliyekwisha kuaibishwa hujifunika kichwa, huficha maradhi na kuendelea kuyaeneza.

Mapunye hayaponi kwa kuosha. Kuvu huingia ndani ya shina la nywele, mahali ambapo povu halifiki. Shampuu yenye dawa hupunguza tu uenezi. Tiba ni vidonge, kama vile griseofulvini, ambavyo humezwa kila siku kwa muda wa wiki sita au zaidi, kwa kipimo kinachokadiriwa na mganga kulingana na uzito wa mtoto. Mzazi anayekatisha dawa baada ya wiki mbili kwa kuwa mabaka yamefifia huurudisha ugonjwa nyumbani.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi wapatao milioni mbili katika vikundi vya redio, wakajifunza kwamba maradhi yana visababishi vinavyojulikana na kuzuilika. Somo hilo halijapitwa na wakati. Mwalimu aonaye mabaka na ampeleke mtoto zahanati, awaite wazazi wake, na ahimize wenzake wa nyumbani wakaguliwe. Vinyozi hawana budi kusafisha mashine zao kwa dawa kila wanapomaliza kichwa kimoja. Maofisa wa afya wa halmashauri wanao wajibu wa kuwafikia vinyozi hao, na kuhakikisha kwamba vidonge havikosekani zahanati. Fedha ya chupa ya shampuu, kwa mzazi mwenye mtoto mgonjwa, ni bora iwe nauli ya kwenda kwa mganga.