Kiatu Hakina Nasaba

Mama zetu, dada zetu na ndugu wasomaji, juma lililopita alinijia mama mmoja baada ya sala ya alasiri, hapa Makindu. Mwanawe wa miaka tisa alikuwa hajaonekana chuoni kwa siku nane. Akaniuliza: "Maalim, nikope fedha nimnunulie viatu vya dukani? Wenzake wanamcheka kwa akala zake."

Niliinamisha kichwa. Siku waliyomcheka nilikuwapo, nami nikatabasamu badala ya kukataza.

Akala twazijua vizuri sisi tuishio kando ya barabara ya Mombasa na Nairobi. Hukatwa katika matairi ya malori yaliyochakaa, na ndugu zetu wa Tanzania huziita katambuga. Miiba ya nchi hii haizipenyi kwa urahisi, na mwenye kuzivaa hukaa nazo miaka. Mtoto huchekwa kwazo, lakini watalii huzinunua wakaenda nazo kwao kama tunu.

Ndiyo ada ya viatu, hupanda vyeo na kushuka. Tazameni viatu vya visigino virefu wavaavyo binti zetu harusini. Asili yake ni viatu vya wanaume, tena askari. Wapanda farasi wa Uajemi walivaa visigino ili mguu ushike katika kikuku cha tandiko, wapate kusimama imara wakitupa mishale. Mwaka 1599 Shah Abbas alituma wajumbe Ulaya, na katika miaka iliyofuata mabwana wakubwa wa huko wakapenda visigino. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alivaa vyekundu. Wanawake waliviiga kutoka kwa wanaume, na katika karne ya 18 wanaume wakaviacha.

Kandambili za mpira tuzivuazo mlangoni mwa msikiti nazo zina safari yake. Umbo lake latokana na zori za Wajapani, zilizosukwa kwa majani makavu ya mpunga. Kabla ya mpira kufika, bibi zetu wa pwani walikwenda kutawadha kwa mitalawanda, viatu vya mti vyenye msuruaki wa kubanwa kwa vidole. Na tukisema sapatu, twatamka neno tuliloachiwa na Wareno.

Basi kiatu kipi ni cha heshima na kipi cha aibu? Cha askari kimekuwa cha bibi harusi, na cha majani kimekuwa cha mpira. Kiatu hakina nasaba ya kujivunia wala ya kufichwa.

Dini yetu haikukataza kiatu kizuri. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa juu ya mtu apendaye nguo nzuri na viatu vizuri, alibainisha kwamba hicho si kiburi, kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Naye mwenyewe, kama alivyosimulia Bibi Aisha, alikuwa akishona viatu vyake kwa mkono wake.

Nilimwambia yule mama asikope. Deni lile lisingeuvika mguu wa mtoto, kwani mguu ulikuwa umekwisha kuvikwa. Lingekuwa ni la kununua vinywa vya watu, navyo havishibi. Jioni ile nilikwenda kwao nikamtaka radhi mwanawe. Kesho yake alirudi chuoni, nami nikarudia maneno yale yale mbele ya wenzake wote, kisha nikawasimulia habari hizi za visigino na mitalawanda. Walicheka sana waliposikia kuhusu mfalme.

Mama zetu, tunawafundisha watoto kutanguliza mguu wa kulia wavaapo viatu. Tuwafundishe pia kutoitazama miguu ya wenzao kwa dharau. Wakiona sisi wakubwa tunatabasamu, watacheka.

Wabillahi tawfiq.