Tezi na Omo Huko Masieda

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mtoto wa shule ya msingi huko Masieda, wilayani Mbulu, akiulizwa aikamilishe methali hii ataikamilisha, maana ameikariri. Tezi ni nini, hajui. Omo hajui. Ngama hajapata kuiona, kwani baina yake na jahazi la karibu zipo mamia ya kilomita. Alama anaipata, na wakubwa wanaridhika kwamba Kiswahili kimefika.

Kilichofika ni kasha tupu. Methali hiyo ni ya mabaharia, watu wasiosifika kwa usafi wa ulimi, na lugha yake ni ya kazini kabla ya kuwa ya vitabuni. Hapa ndipo penye ubishi na wale wapenzi wa lugha wa visiwani wanaoyagawa maneno mafungu mawili, methali za wenye hekima na misimu ya wahuni, kana kwamba mpaka huo umeshuka kutoka mbinguni. Na yatazamwe majina ya kanga: vijembe vya wake wenza na majirani, ambavyo leo vinatunzwa katika makumbusho na kuandikiwa tasnifu. Au daladala, neno la mitaani la Dar es Salaam ya miaka ya 1980, lililotokana na dala, yaani shilingi tano. Limo kamusini sasa, wala hakuna anayeziba pua. Umri ndio uliolitakasa, si kingine.

Aliyeyakubali hayo hana tena haki ya kuidharau Masieda. Katika nchi hiyo ya Mbulu na Bonde la Yaeda wanaishi Wairaqw, ambao lugha yao ni ya Kikushi (wengi huwaita Wambulu, kwa jina la mji, kama kwamba Wapemba wangeitwa Wachakechake). Wapo Wadatoga wafugaji, wenye lugha ya Kiniloti. Wapo na Wahadzabe, wawindaji na warina asali, ambao lugha yao wanaisimu hawajaipatia ndugu. Wairaqw wana slufay, sala ya baraka isemwayo kwa lugha ya mafumbo na mzee mbele ya watu, nao wakimwitikia. Mpenzi wa mashairi asiyeshtushwa na habari hiyo anapenda nini hasa?

Lakini mzigo husafiri upande mmoja tu. Tangu mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, pwani imekuwa ya kutoa na bara ya kupokea. Mtoto wa Masieda hufunzwa hekima ya ngama. Hekima ya babu yake, iliyotokana na ng'ombe, mtama na ukame, haina swali katika mtihani. Akiipenyeza katika insha yake, huambiwa ni athari ya lugha mama, na kalamu nyekundu inapita. Baada ya vizazi viwili atakuwa hana ya babu, na ya baharia hakuielewa.

Watetezi wa usafi watasema lugha itachafuka. Mbona haikuchafuka kwa meza na leso za Wareno, wala kwa gari la Wahindi? Hao walikuja kwa merikebu na wakapokelewa. Mwiraqw anakuja kwa miguu, na ni raia.