Kuchemsha Hakuondoi Mbolea

Tumefundishwa kuchemsha maji ya kunywa, nalo ni fundisho jema, kwani moto huua vijidudu vya maradhi. Lakini moto hauondoi nitrati, chumvi itokayo katika mbolea, samadi na vyoo. Maji yakipungua sufuriani, nitrati huzidi kukolea.

Jambo hili lawahusu hasa wenye jamaa au mashamba Ifakara na bonde zima la Kilombero, ambako mpunga hustawi katika tambarare ya mafuriko. Mvua huikokota mbolea ya ziada hadi mitoni na visimani. Katika maji yaliyotuama huotesha utando wa kijani. Utando huo ukifa na kuoza humaliza hewa majini, samaki wakakosa pumzi.

Kisimani, hatari kubwa ni ya mtoto mchanga. Nitrati nyingi katika maji ya kukorogea maziwa ya unga huizuia damu yake kubeba hewa safi, midomo na kucha zikawa za samawati. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita.

Nitrati haina rangi wala harufu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti! Basi chukua chupa safi, isuuze mara tatu kwa maji ya kisima chenyewe, ijaze, iweke penye baridi na giza, uifikishe maabara ya maji kabla ya siku mbili kupita. Naye mama aendelee kunyonyesha: maziwa yake hayapitishi nitrati ya kumdhuru mwanawe.