TAARIFA KWA WANACHAMA: ADUI WA SINEMA NA HOJA YAKE



Vijana wetu wa Kasulu na Kibondo hubishana sana juu ya sinema za mashujaa zinazoonyeshwa kwenye vibanda umiza. Nami nina neno.

Katika Black Panther (2018), Killmonger anahoji kwa nini Wakanda inaficha utajiri wake huku weusi wenzao duniani wakiteseka. Swali la haki kabisa. Ila mtunzi kamfanya muuaji, akafa. Kisha mfalme akafungua kituo cha kusaidia watu Oakland, Marekani. Hoja imepita, mwenye hoja keshazimwa! (Batman naye ni bilionea, msisahau.)

Nayasema haya kwa sababu vikaoni kwetu anayeuliza mapato na matumizi huitwa mchochezi. Daftari ninalo mimi. Kikao kijacho litakuwa mezani, aulize anayetaka.

Katibu wa Tawi