Nauli Isiyo Nauli

Desturi ya biashara tangu zamani ni hii: mwenye mali hutaja bei, mnunuzi huomba apunguziwe, wakipatana hulipana, na kila mtu huenda zake. Mali ikiwa mbali, yuko mchukuzi katikati, naye hupewa ujira wake, ndio uitwao nauli. Basi haya ni mambo mawili, wala si moja. Bei ni haki ya mwenye mali. Nauli ni haki ya mchukuzi.

Siku hizi watu wengi, hata sisi wa vijijini, twanunua vitu kwa simu kwa njia ya intaneti, kwa wauzaji ambao hatujapata kuwaona kwa macho. Katika biashara hii imeingia hila moja ambayo nataka kuisema waziwazi. Muuzaji huishusha bei hata ikapendeza, kisha huipandisha nauli hata ikapita sana ile anayoilipa yeye mwenyewe, na ile ziada huitia mfukoni. Wako wauonao kuwa ni werevu tu wa kuuza. Mimi nasema ni udanganyifu, na ningependa wasomaji waipime hoja yangu kabla ya kuikubali au kuikataa.

Nianze na jambo lililonipata. Mama mmoja mjane wa kijijini kwetu alitaka taa ya jua kwa ajili ya mtoto wake, aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa darasa la saba. Katika duka la kwetu taa ya namna ile yauzwa shilingi 22,000. Yule mama simu yake ni ndogo, isiyo na picha, kwa hiyo alinijia akasema, "Mwalimu, nitazamie huko mjini, huenda zikawa rahisi." Nalitazama, nikaiona kwa muuzaji mmoja wa Dar es Salaam kwa shilingi 18,000. Nalifurahi, nikamwambia, "Mama, tumeokoa elfu nne." Mtoto naye akaambiwa kwamba taa inakuja.

Nilipokwisha kupatana na muuzaji juu ya bei, ndipo aliponijulisha kwamba nauli ya kuileta kwa basi ni shilingi 12,000. Naliona haya kurudi kwa yule mama, lakini sikuwa na njia nyingine. Yeye akanyamaza kidogo, kisha akasema mtoto amekwisha ahidiwa. Akauza jogoo wake, tukatuma shilingi 30,000. Taa ilipofika, karatasi ya basi ilikuwa bado imebandikwa juu ya boksi, nayo imeandikwa: nauli ya mzigo, shilingi 4,000.

Tena ile taa ilikuwa mbovu. Haikukaa na mwanga hata saa moja. Nalimpigia muuzaji simu, naye hakukataa kuipokea. Alisema atarudisha bei, yaani shilingi 18,000, bali nauli hairudi, maana nauli ni ya basi. Tukairudisha kwa gharama yetu, shilingi 4,000 nyingine. Basi fanyeni hesabu pamoja nami. Mama alitoa 30,000. Akapata 18,000, akatoa 4,000 za kurudishia. Mkononi zikabaki 14,000. Amepoteza shilingi 16,000, wala hana taa. Kama nauli ingalikuwa ile ya kweli, hasara yake ingalikuwa 8,000, na zote zingalikuwa zimekwenda kwa mchukuzi. Zile 8,000 nyingine hazikwenda kwa basi lolote. Zilibaki Dar es Salaam.

Nilipomwuliza muuzaji habari ya ile karatasi, alinijibu kwa utulivu kwamba nauli alinitajia nami nikaikubali, na hiyo ndiyo biashara. Jibu lake ni jibu la wengi, kwa hiyo yafaa lijibiwe.

Ni kweli nalikubali. Lakini nalikubali nini? Nalikubali kwamba basi lataka shilingi 12,000. Kama angaliniambia, "Basi lataka elfu nne, nami nataka elfu nane zaidi kuwa faida yangu," ningalifanya hesabu nyingine, na taa ningaliinunua dukani kwetu kwa 22,000. Neno nauli ni ushuhuda: lasema kwamba fedha hizi zaenda kwa mtu wa tatu, nami muuzaji sina fungu ndani yake. Mnunuzi hubishania bei, wala habishanii nauli, kwa sababu adhani muuzaji hana uwezo juu yake. Mwenye hila huitafuta imani hiyo na kujificha ndani yake. Ridhaa iliyopatikana kwa habari ya uongo si ridhaa.

Wengine husema, "Jambo kubwa ni jumla. Elfu thelathini ni elfu thelathini, ukizigawa hivi au vile." Neno hili lingekuwa kweli kama sote tungejumlisha daima. Lakini tazameni yaliyotokea Marekani, ambako hila hii ilistawi kabla ya kufika kwetu. Huko liko soko la intaneti liitwalo eBay, lililoanzishwa mwaka 1995, ambapo watu huuza vitu kwa mnada. Wataalamu wawili wa uchumi, Tanjim Hossain na John Morgan, waliuza huko sahani za muziki na michezo ya Xbox, vitu vilivyo sawasawa, viwili viwili. Kimoja walikianzia bei ya juu na nauli ndogo, na mwenziwe bei ya chini na nauli kubwa. Jumla ya kuanzia ikawa moja. Kama watu wangalijumlisha vema, mapato yangalilingana. Habari walizozitoa mwaka 2006 zaonyesha kwamba kwa kawaida kile cha bei ya chini na nauli kubwa kilivuta wanunuzi wengi zaidi, na mara nyingi kikaleta fedha nyingi zaidi. Basi asiseme mtu kwamba kugawa si kitu. Kama si kitu, mbona wauzaji hukazana hivi kugawa? Wagawa kwa sababu jicho huikamata bei na kuisahau nauli.

Katika soko lile lile ilikuwako sababu ya pili. eBay hutoza wauzaji ada kwa mauzo yao, na kwa miaka mingi ada ile ilihesabiwa juu ya bei tu, si juu ya nauli. Wauzaji wengine wakaandika bei ya senti 1, na nauli ya dola 20. Tuseme kwa mfano ada ni kumi kwa mia: kwa dola 20 muuzaji angalitoa dola 2, bali kwa senti 1 hatoi kitu. Hata mwaka 2011 wenye soko wakabadili kanuni huko Marekani, ada ikahesabiwa juu ya nauli pia. Hapo yaonekana hila hii ilivyo: yamdanganya mnunuzi upande huu, na mwenye soko upande ule. Mtu aliyeizoea hachagui wa kumwibia.

Sasa niwatendee wauzaji haki, maana mwalimu asiyesikiliza pande zote mbili si mwalimu. Wasema kwamba kutuma mzigo si nauli ya basi peke yake. Liko boksi, uko utepe wa kufungia, yuko kijana wa boda wa kuupeleka kituoni, na muda unaopotea hapo. Maneno haya ni kweli, wala mimi sitaki mtu afanye kazi bure. Lakini kazi iliyo ya kweli haiogopi kutajwa. Na aandike hivi: nauli ya basi 4,000, boda 2,000, boksi 1,000. Hizo ni 7,000, nami ningalizilipa bila kunung'unika. Zikabaki 5,000 zisizo na jina. Faida isiyo na jina ni fedha inayoona haya. Kama muuzaji aihitaji, na aitie katika bei, mahali pa faida, ili mnunuzi aione na kuipima.

Tena iko hasara imwangukiayo muuzaji mwema, na jambo hili husahauliwa. Fikirini wauzaji wawili. Mmoja huandika taa 23,000 na nauli 4,000. Mwingine taa 18,000 na nauli 12,000. Wa kwanza ni rahisi kwa elfu tatu, lakini mtu anayepitisha kidole juu ya simu aona 18,000 tu, naye huenda kwa mwongo. Yule mkweli hushinda siku nzima bila mteja. Mwisho hujiuliza, "Ukweli umenifaa nini?" naye huiga. Hivyo mtu mmoja mwenye hila huliharibu soko zima, kama nazi mbovu iharibuvyo nzima.

Na katika kurudisha mali ndipo hila hii humwumiza mnunuzi zaidi, kama ilivyomwumiza yule mama. Fedha zilizoitwa bei hurudi, zilizoitwa nauli hazirudi. Kwa hiyo muuzaji aliyehamisha faida yake kutoka bei kwenda nauli hupata faida hata akiuza kitu kibovu. Mtu wa namna hiyo ana haja gani ya kukagua mali yake kabla ya kuituma? Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria ya mwaka 2011 imelitazama jambo hili: mnunuzi wa mbali akighairi ndani ya siku 14, hurudishiwa bei pamoja na gharama ya kawaida ya kuletewa. Uingereza nako sheria ya mwaka 2024, ambayo sehemu yake hii ilianza kutumika tarehe 6 Aprili 2025, yataka malipo asiyoweza mnunuzi kuyakwepa yaonyeshwe tangu mwanzo pamoja na bei, yasije yakatokea mwishoni kama chui kichakani. Kwetu Tanzania iko Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ikatazayo mfanya biashara kumdanganya mnunuzi. Lakini ni mjane gani atakayepanda basi kwenda mjini kudai shilingi 8,000? Nauli yake itazimeza zote. Wenye hila walijua jambo hili kabla yetu.

Ndiyo maana sheria peke yake haitoshi, yataka dhamiri. Sisi tusomao Maandiko twajua jinsi nabii Amosi alivyowakemea wafanya biashara waliopunguza kipimo cha nafaka na kuongeza uzito wa fedha. Wale walikuwa na kibaba na mizani. Hawa wana simu. Chombo kimebadilika, mkono ni ule ule.

Wala tusidhani hila hii ni ya watu wa mjini tu. Wako vijana wa kwetu, wengine nimewafundisha mwenyewe, ambao siku hizi huuza asali na maharage kwa simu na kuyatuma kwa basi. Nawapongeza kwa bidii yao. Lakini mmoja wao alinieleza kwa furaha kwamba asali huiuza kwa bei ndogo na "kula kwenye nauli." Nalisikitika, maana hesabu ile ya kutoa na kujumlisha naliandika mimi ubaoni, naye alikaa dawati la mbele. Sikumfundisha aitumie hivyo. Kijana yule aliponwa na taa kama ile ya mama mjane atalia kama yeye. Kwa nini basi amfanyie mwingine?

Kwa hiyo, wasomaji wapenzi, nawaomba mambo machache. Ninyi mnaonunua: msitume fedha kabla ya kuuliza, "Mpaka ifike mkononi mwangu, ni shilingi ngapi kwa jumla?" Jumla hiyo ndiyo mlinganishe na ya duka la jirani. Ulizeni risiti ya basi, nanyi mkiona nauli haipatani nayo, semeni, wala msione haya. Aonaye haya awe yule aliyeongeza. Nami najihukumu mwenyewe kwanza, kwa kuwa naliishangilia bei kabla ya kuuliza jumla, na jogoo wa watu akaenda kwa uvivu wangu.

Nanyi mnaouza: nauli na iwe ile iliyo katika risiti, kazi yenu itajeni kwa jina lake, na faida yenu iwekeni katika bei. Huenda mwezi wa kwanza mtauza kidogo. Lakini biashara ya simu husimama juu ya imani ya mtu asiyekuona, na mtu huyo akiisoma karatasi ya basi juu ya boksi lako, atajua siku ile ile wewe ni nani. Njia ya mwongo ni fupi, hata kama basi limetembea usiku kucha.