Maji ya Dimock
Wiki hii picha moja imenikaa moyoni: jiko la nyumba ya Dimock, huko Pennsylvania, Marekani, bomba lipo, lakini maji ya kunywa yamo kwenye madumu sakafuni. Kampuni zilifuata gesi iliyonaswa ndani ya miamba, zaidi ya kilomita moja chini ya ardhi, zikaipasua miamba hiyo kwa kusukuma humo mamilioni ya lita za maji, mchanga na kemikali. Siku ya mwaka mpya wa 2009, kisima cha mkazi mmoja kililipuka kwa gesi ya methani iliyopenya majini. Nimelelewa na bibi aliyefunika mtungi kama mtu anavyomfunika mtoto, na naumia kuona familia ikiyaogopa maji yake yenyewe. Mchimba gesi akishiba, mchota maji hubaki na kiu. Bunge la Marekani lilipouondoa upasuaji huu wa miamba chini ya sheria ya maji salama mwaka 2005, isipokuwa unapotumia dizeli, liliwauza wanavijiji hawa. Ni mwaka 2022 tu ndipo kampuni iliyochimba hapo ilipoacha kuyapinga mashtaka ya uchafuzi wa maji mahakamani, ikakubali kugharimia bomba jipya la maji.